Vitabu vya shule zetu vinunuliwe hapa mjini: barua ya wazi kwa viongozi wa Bagamoyo

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, waheshimiwa madiwani, na maofisa elimu wa msingi na sekondari.

Yah: Ununuzi wa vitabu vya ziada na vya maktaba za shule

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima zote.

Nina duka la vitabu hapa Bagamoyo, katika mitaa ya mji mkongwe, upande wa kuelekea pwani. Madaftari, kalamu na rula ninazo, na ndizo zinazonilipia kodi ya pango, lakini zinakaa rafu za chini karibu na mlango. Ukuta mzima wa ndani ni vitabu: riwaya, ushairi, tamthiliya, hadithi za watoto, kamusi, historia, dini. Nawaandikia hadharani kwa sababu ninachokiomba hakinihusu mimi peke yangu. Kinamhusu kila mwenye duka la vitabu wilayani, na kinawahusu zaidi watoto wanaomaliza darasa la saba bila kuwahi kusoma kitabu hata kimoja ambacho hakikuwa cha mtihani.

Ombi lenyewe ni hili. Fedha mnazozitenga kwa vitabu vya ziada na vya maktaba za shule zitumike kwa mafungu madogo madogo. Walimu wavichague vitabu hivyo kwa kuvishika mkononi na kuvifungua. Na maduka ya hapa wilayani yapate nafasi ya kweli ya kuviuza. Siombi ruzuku, wala sitaki kusamehewa kodi. Naomba biashara ambayo ipo, na ambayo kwa sasa inapita kwenye lami kwenda na kurudi Dar es Salaam bila kutugusa.

Kabla ya hesabu, naomba niwaeleze duka hili linaishi vipi kutwa, kwa kuwa majukumu yenu hayawapi wasaa wa kuja kukaa.

Asubuhi ni ya wasoma magazeti. Wachuuzi waliotoka kwenye mnada wa samaki, vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria, wazee waliomaliza kahawa yao barazani. Wanaonunua ni wachache. Wengine wanainama juu ya meza, wanasoma kurasa za mbele, na kutoka hapo ni mjadala mpaka jua lipande. Sijamfukuza mtu, na sitamfukuza. Katika mjadala kama huo mzee mmoja, baharia mstaafu, aliniuliza kama ninacho chochote kuhusu vita vya Bushiri vya 1888 na 1889. Babu yake alimsimulia, naye alitaka kuona kama masimulizi ya nyumbani yanakubaliana na yaliyoandikwa. Nikamwagizia. Akaja akachukua kingine, kisha kingine, na sasa akifika salamu yake ni kuuliza kama kuna kipya kilichoingia. Huyu alianza kwa kusoma gazeti la bure mezani kwangu.

Mchana huja wanafunzi wa vyuo. Wale wa TaSUBa, chuo chetu cha sanaa kilichoanza 1981, huulizia tamthiliya zenye wahusika wachache, maana kundi la mazoezi huwa la watu watatu au wanne. Swali hilo halijibiwi na orodha ya bei ya mchapishaji. Sharti muuzaji awe amekisoma kitabu. Wale wa chuo cha ukutubi na uhifadhi nyaraka, kilichopo hapa tangu 1989 chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, waliwahi kuniomba ruhusa wazipange rafu zangu kama zoezi, na rafu ya historia iko vile vile walivyoiacha. Utazameni basi mji wetu ulivyo. Wakutubi wa maktaba za nchi hii wanasomea hapa. Waigizaji, wachongaji na wapiga ngoma wanasomea hapa. Na hapo hapo zipo shule ambazo vitabu vyake vyote vya hadithi vinaenea kwenye kabati moja la ofisi ya mwalimu mkuu, na kabati lina kufuli.

Alasiri ndiyo saa ninayoipenda. Watoto wakitoka shule duka linajaa wasionunua. "Shikamoo shangazi, naomba kile cha jana." Anapewa kile cha jana, anakaa kwenye mkeka niliotandika nyuma ya kaunta, anaendelea alipoishia. Vitabu vya namna hiyo huchakaa kabla ya kuuzwa. Fundi wa kujalidi wa mtaa wa pili anavishona upya, na tangu hapo vinakuwa vya mkekani, havimo tena kwenye hesabu ya mali. Watoto hawa wanakijua vizuri wanachokitaka. Wanataka hadithi yenye safari, hatari na kicheko, kwa Kiswahili wanachokisema, yenye picha za watu wanaofanana nao. Mtoto wa darasa la nne akipata kitabu cha namna hiyo hakiachi mpaka aitwe na mama yake.

Kuna mama anayekaanga samaki pwani aliyetaka kamusi ya mwanawe wa sekondari. Bei ya kamusi nzuri hailipwi kwa mauzo ya jioni moja. Tukakubaliana: kila apitapo anaacha alichonacho, elfu moja, mia tano, siku nyingine anapunga mkono tu na kupita, nami naandika. Kamusi ilikaa chini ya kaunta yangu ikiwa na jina la mtoto mpaka ilipomalizika kulipwa. Waheshimiwa, mpango wa namna hiyo hauwezekani na duka la mbali. Unawezekana kwa sababu namjua mama huyu anapokaa na ananijua, na kwa sababu duka liko kwenye njia yake ya kurudi nyumbani. Nina daftari zima la malipo ya kidogo kidogo, na wanaonidhulumu ni wachache mno.

Nasema haya ili ieleweke kwamba wasomaji wapo. Nimechoka kusikia kwenye mikutano kwamba Watanzania hawapendi kusoma. Nawaona kila siku wakisoma wamesimama.

Na mji huu haukujua kusoma jana. Kabla ya shule za serikali palikuwa na madrasa hapa, na watu waliandikiana barua na mikataba kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao 1868. Sheikh Yahya bin Abdallah, tunayemwita Sheikh Ramiya, aliletwa pwani hii kutoka bara akiwa mtumwa. Akasoma, akafundisha, akawa kiongozi mkubwa wa tarika ya Kadiria na baadaye liwali wa mji, hadi alipofariki 1931. Ni elimu ya kitabu iliyomnyanyua, katika mitaa hii hii.

Yupo na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, hapa hapa Bagamoyo. Alikwenda Berlin 1900 kufundisha Kiswahili, na maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapwa Göttingen 1903. Humo mna habari za kuzaa na kulea, jando na unyago, ndoa, ngoma, madeni, safari za bara, mambo ya Mrima, yaani pwani yetu hii, yaliyoandikwa na mtu wa Mrima. Mwaka 1905 alipotaka kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani, watawala wa wakati ule wakamzuia. Akarudi Ujerumani, na alifia Berlin 1927. Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu hicho ilichapwa California 1981. Wageni wanaotembelea mji wetu huingia dukani wakimtaja kwa jina. Watoto wa Dunda wanaokaa kwenye mkeka wangu nikiwauliza juu yake wananitazama tu, na siwalaumu, kwa kuwa hakuna aliyewawekea kitabu hicho mbele yao.

Sasa hesabu.

Mchapishaji ananipunguzia kati ya robo na theluthi ya bei ya kitabu. Kwenye punguzo hilo ndimo natoa gharama ya kusafirisha mzigo kwa basi, bajaji ya kutoka stendi, pango, umeme, leseni na kodi. Wachapishaji wanaokubali kunipa mali kauli, nikauza kwanza ndipo niwalipe, ni wachache, na siwalaumu, kwa maana wamewahi kudhulumiwa na maduka yaliyofungwa. Kwa hiyo vingi navinunua kwa fedha taslimu. Kilo ya sukari huuzwa siku iyo hiyo. Diwani ya mashairi inaweza kukaa mwaka mzima, na mwaka huo mzima inapigana na hewa ya bahari. Masika yakiingia karatasi inavimba, kuvu inaota mgongoni mwa kitabu, na inatubidi kuvitoa rafuni, kuvifuta na kuvianika kivulini penye upepo. Mwezi wa Januari ndio unaonibeba, wazazi wanapopanga foleni ya madaftari. Kuanzia Machi kwenda mbele naishi kwa kutoa kopi, na kwa wale wachache wanaosoma kweli.

Zamani maduka kama langu yalisimama kwa vitabu vya kiada. Kuanzia miaka ya 1990 serikali iliwaachia wachapishaji binafsi kazi hiyo, shule zikawa zinachagua, na mzazi au mwalimu akija kwa kitabu cha hesabu alikuwa anaondoka na cha hadithi pia. Katika muongo uliopita kazi ya kuandika na kuchapa vitabu vya kiada ikarudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, kitabu kimoja kwa kila somo, vikasambazwa shuleni bila mtoto kulipa. Sikuja kuupinga uamuzi huo. Nimemwona mtoto wa mvuvi akiwa na kitabu ambacho zamani angekisoma na wenzake sita, na najua thamani yake. Mitaala mipya nayo ikaanza kutumika Januari 2024, hatua kwa hatua, na vitabu vya kiada vya mtaala wa zamani vilivyobaki kwenye rafu za maduka vikakosa mnunuzi. Hilo nalo tulilipokea.

Lakini kitabu cha kiada kinampa mtoto somo, na mtoto anahitaji mazoea ya kusoma. Mazoea huja kwa kusoma vingi, vya kila namna, vingine vyepesi, vingine vya kipuuzi hata, mpaka macho yazoee na akili ipate hamu. Hiyo ndiyo kazi ya vitabu vya ziada, na huko ndiko kwenye pengo. Tangu elimumsingi bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ni Sh 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na Sh 25,000 kwa wa sekondari. Sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu vya kiada, na kilichofika shuleni kina chaki, mitihani, ukarabati na mengine mengi yanayokisubiri. Mwalimu mkuu akipata nafasi ya kununua vitabu vya hadithi, ni mara moja kwa muda mrefu. Ndiyo maana nafasi hiyo moja isipotee.

Nayo inapotea kwa namna inavyonunuliwa. Niliwahi kuona zabuni ya taasisi ambayo siitaji, iliyoweka katika fungu moja vitabu vya hadithi, wino wa mashine ya kudurufu, chaki, karatasi na mipira ya miguu. Muuza vitabu hawezi kuliomba fungu hilo bila kukopa mtaji wa kununua wino. Muuza wino analiweza, na vitabu atanunua vyovyote vya bei ya chini atakavyovikuta kwanza. Hivyo shule inapokea nakala hamsini za kitabu kimoja, pengine cha darasa lisilo lake, wakati kwa fedha ile ile ingepokea vitabu hamsini vya aina mbalimbali, na mtoto akimaliza kimoja akabadilishana na mwenzake.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 haiwazuii kufanya vingine. Inatambua makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na asilimia 30 ya ununuzi ni fungu lao. Mfumo wa NeST, ule wa ununuzi wa umma kwa mtandao, nao hauchagui duka kubwa wala dogo, ilimradi umejisajili na vitu vyako viko sawa. Kinachotuacha nje ni ukubwa wa fungu na maelezo yake. Zabuni ikiandikwa "vitabu vya ziada, shule za kata ya Zinga", duka dogo linaweza. Ikiandikwa "vifaa vya shule, wilaya nzima", haliwezi, na hakuna sheria iliyolifukuza.

Najua mtaniuliza bei. Msambazaji mkubwa wa Dar es Salaam anaweza kutaja bei ya chini kuliko mimi kwa nakala mia tano za kitabu kimoja, na sitabishana. Kwa orodha ya vitabu mbalimbali tofauti hiyo hupungua sana, kwa kuwa naye analazimika kuvikusanya kwa wachapishaji kama ninavyovikusanya mimi. Na kuna mambo ambayo ankara haiyaonyeshi. Kitabu kikija kurasa zimepinduliwa, mwalimu anakirudisha kwangu jioni ile ile. Asipokipenda, namuonyesha kingine. Mwaka unaofuata namuuliza watoto walikipenda kipi, na jibu lake linaingia kwenye oda yangu, na kutoka kwangu linamfikia mchapishaji. Bila mnyororo huo mwandishi wa hadithi za watoto anaandika gizani.

Wengine watasema vitabu vya msaada vinatosha. Tunawashukuru wanaovileta. Lakini vingi ni vya Kiingereza, na shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Mtoto wa Kaole aliyepewa kitabu cha watu wanaocheza kwenye theluji anakifungua mara moja, anaangalia picha, anakifunga.

Na simu? Simu ni moja, ni ya mama, na bando likiisha limeisha. Maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu ni kitu kizuri, nawaelekeza walimu huko mara kwa mara. Faili za vitabu zinazorushwa bila ruhusa ya mwandishi ni jambo jingine, pamoja na vitabu vya kudurufu vinavyouzwa nusu bei kwenye meza za mitaani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999. Nikikataa kumtolea mwanafunzi kopi ya kitabu kizima ananinunia, anavuka barabara, na huko anatolewa. Hapa pia neno la afisa elimu kwa walimu lingesaidia, kwa kuwa mara nyingine anayemtuma mwanafunzi ni mwalimu.

Mpango ninaouomba si mgeni nchini. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, ulifanya jambo rahisi: mchapishaji alichapa nakala 5,000 za kitabu cha hadithi cha Kiswahili, mradi ukanunua 3,000 na kuzipeleka shuleni, naye akabaki na 2,000 za kuuza madukani. Uhakika wa zile 3,000 uliwafanya wachapishaji wathubutu, na waandishi wengi wa watoto wakapata mlango. Sisi wilayani hatuhitaji namba kubwa kiasi hicho. Tunahitaji uhakika: kwamba kila mwaka wa fedha, fungu fulani, hata liwe dogo, litanunua vitabu vya ziada kwa orodha iliyotoka kwa walimu, kupitia maduka yaliyo wilayani. Nikiujua uhakika huo mwezi wa saba, naweza kuagiza mapema, naweza kupata mali kauli kwa mchapishaji kwa kumuonyesha barua yenu, na naweza kumuajiri binti aliyemaliza chuo cha ukutubi badala ya kumuona akirudi kwao bila kazi.

Nchi hii iliwahi kupiga vita ujinga kwa nguvu kubwa. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilikuwa chini ya asilimia 10. Madarasa yalikuwa chini ya miembe, na vijijini kukawekwa maktaba na magazeti ili waliojifunza wapate cha kusoma. Wapo wateja wangu wenye umri mkubwa waliojifunzia huko, na wananiambia wazi kwamba maktaba ya kijiji ilipokwisha, wenzao wengi waliisahau ile elimu. Naomba tusiwafanyie hivyo wajukuu wao, ambao tumewajengea madarasa mazuri.

Nina maombi mengine madogo, nayataja kwa ufupi.

Kwenye Tamasha la Kimataifa la Sanaa na Utamaduni linalofanyika hapa Bagamoyo tangu 1982, tupewe meza ya vitabu, wauza vitabu wa mjini pamoja na waandishi wanaotaka kusoma kazi zao. Wageni wanaokuja kuangalia ngoma wanauliza pia habari za mji, na wako tayari kununua.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ifungue mlango kwa biashara ya vitabu. Wapo vijana wanaotaka kuchukua vitabu kwangu na kuvitembeza kwa baiskeli Kiromo, Zinga, Kerege hadi Fukayosi, siku za mikutano ya wazazi na siku za gulio. Kikundi cha namna hiyo kikileta andiko lake, lisomwe kwa uzito ule ule wa andiko la bodaboda au la ufugaji wa kuku. Na barabara ya kutoka hapa kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga ikikamilika, vijana hao watakuwa na njia ndefu zaidi.

La tatu ni la moyoni kwangu. Halmashauri na wadau wake wachape toleo la shule la maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, kwa Kiswahili chake, likiwa na maelezo ya maneno yaliyopotea. Ni karibu karne moja tangu afariki. Wataalamu wa Kiswahili wa kulihariri wapo kwenye vyuo vyetu, wakutubi wapo hapa hapa, wachoraji wa picha wapo TaSUBa. Walimu wa historia na wa Kiswahili wa wilaya hii wangekuwa na kitabu cha kuwaonyesha wanafunzi kwamba mtu wa mtaa wao aliandika, na maandishi yake yakasomwa duniani.

Waheshimiwa, makisio ya mwaka ujao wa fedha yatapita kwenye vikao vyenu miezi kadhaa kabla ya Julai. Naomba suala hili liingizwe kwenye ajenda ya Kamati ya Elimu, Afya na Maji kabla makisio hayajafungwa. Mkiniita nitakuja, na sitakuja mikono mitupu. Nitaleta orodha ya vitabu vya ziada vya Kiswahili kwa kila darasa, kuanzia awali hadi kidato cha nne, pamoja na bei na muda wa kuvipata, na sanduku la sampuli ili kila mjumbe ashike kimoja na kukifungua. Nimeanza pia kuwauliza walimu wa shule za mjini wangependa vipi, na majibu yao nitayaambatisha yakiwa na majina ya shule bila majina ya walimu.

Kama itawapendeza kuona kwanza, duka liko wazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, isipokuwa Ijumaa ambapo nafunga saa sita na kufungua saa nane. Nawaomba mje saa tisa alasiri, watoto wakiwa wametoka shule.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye duka la vitabu,
Mji Mkongwe, Bagamoyo